Kibanja Kilichokombolewa Mara Moja

Murongo, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Gosbert,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama nafasi itabaki.

Jana nilikuwa dukani napima maharage ya Mganda mmoja, akaingia Speciose, jirani yenu. Amekuja kumwona binti yake aliyeolewa huku. Nikamuuliza hali ya Mama. Akasema mzima, anachechemea tu. Halafu akaangalia chini, akaniuliza kama nimeshamwandalia chumba. Nikamwambia chumba cha nini. Hapo akaona maneno yameshamtoka.

"Kwani wewe hujaambiwa kibanja kimeuzwa?"

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya kibanja cha tata, baba yetu, kutoka kwa jirani, mizani ikiwa mbele yangu. Nilimpunja yule Mganda kilo mbili bila kujua, ikabidi nimkimbilie mpaka darajani nikamrudishie.

Naandika kwa sababu maneno ya simu unayakana. Leo unasema hivi, kesho unasema mtandao ulikuwa mbaya. Karatasi haina mtandao. Barua anakuletea dereva wa Noah ya abiria, na jibu mpe huyohuyo. Nataka kujua kama kimeuzwa kweli, kwa nani, kwa shilingi ngapi, Mama aliambiwa nini, na nani wa ukoo alitia sahihi.

Usisahau matanga ya tata, maana mimi sijasahau. Mzee Kashaija wa ukoo alikaa kwenye kiti akatangaza kwamba kibanja ni cha Gosbert kwa kuwa ndiye mwanamume, na Kokwijuka apewe mbuzi na kanga kwa kuwa ameshaolewa ukoo mwingine. Sikubisha. Yule mbuzi nilimuuza Nkwenda njiani nikirudi, nikanunua sabuni, nikavuka nazo kwenda Kikagati, Uganda. Duka hili ni yule mbuzi. Mume wangu Jovitus alipofariki aliniachia mtoto wetu Vero na madeni, na duka bado lipo. Kwa hiyo usiniandikie kama unavyowahubiria watu wako. Niandikie kama mtu anayejua bei ya vitu.

Dada yako,
Kokwijuka


Nyabiyonza, 11 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana. Barua yako nimeipokea, nikaisoma kwa machozi, hasa ulipomtaja tata.

Ni kweli kimeuzwa. Lakini sikiliza ilivyokuwa. Mama alianguka Novemba akaumia nyonga. Hospitali walitaka fedha nyingi, tena haraka. Kahawa sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiuza ikiwa bado maua, ile butura yetu, misimu mitatu mfululizo, kwa Gharib wa Kayanga, yule mwenye duka la jumla. Ningepata wapi? Nikamwachia kibanja chote, ekari mbili na robo, migomba, mibuni na nyumba, kwa milioni saba. Ametuvumilia tukae kwanza. Wazee wawili wa ukoo walitia sahihi, Mzee Kashaija mmojawapo.

Sasa dada, usikate tamaa, maana Mungu hakutuacha. Fungua Mambo ya Walawi, sura ya ishirini na tano. Ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa sababu ni mali ya Mungu na sisi kwake ni wapangaji. Ndugu akiishiwa akauza, jamaa yake wa karibu na aje akomboe. Na mila yetu inasema hivyohivyo: ndani ya miezi mitatu mtu wa ukoo akirudisha bei, mgeni anaachia. Miezi yetu inaisha tarehe 15 Aprili. Tena mwaka huu usharika wetu unatimiza miaka hamsini. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya jubilei, na sura hiyo ndiyo ninayoifundisha kila Jumapili. Hili haliwezi kuwa jambo la bahati tu. Mungu alikutanguliza huko mpakani kama alivyomtanguliza Yusufu Misri, ili siku ya njaa uwe ghala la ndugu zako.

Nitumie fedha hizo mimi, nami nitazikabidhi kwa Gharib. Mama anakusalimu, anasema usivuke mto usiku.

Mdogo wako katika Bwana,
Mwinjilisti Gosbert


Murongo, 20 Februari 2024

Gosbert,

Yusufu aliuzwa na ndugu zake kabla hajawalisha. Umechagua mfano unaokufaa.

Sura nimeisoma yote, mara tatu, kikokotoo kikiwa pembeni. Nakwambia Mungu wa sura ile ni mfanyabiashara mzuri kuliko wahubiri wake. Anasema mtu hanunui udongo, ananunua mavuno. Miaka ikibaki mingi, bei inapanda. Ikibaki michache, inashuka. Na akasema msidanganyane kwenye hiyo hesabu. Mstari huo nyie mnauruka mwende moja kwa moja kwenye tarumbeta ya jubilei.

Basi tufanye hesabu. Gharib alikulipa elfu hamsini kwa gunia la maganda kabla halijawa hata punje. Gunia hilohilo aliliuza laki moja na themanini, na bei hiyo nimeipata kwa waliompakilia gari. Magunia kumi na mawili kwa msimu, misimu mitatu. Tofauti ni milioni nne, laki sita na themanini elfu. Hizo zimetoka kwenye kibanja kabla kibanja hakijauzwa. Kwa hesabu ya Walawi tunatakiwa kumrudishia milioni mbili na laki tatu na kidogo, si saba. Nimeshamwandikia kumwambia hivyo. Najua atacheka. Lakini mtu akicheka ameshaanza kupatana bei.

Unakumbuka habari ya Nabothi? Mfalme mzima alikuja na fedha mkononi kutaka shamba la mizabibu, Nabothi akasema hauzi urithi wa baba zake, akauawa kwa mawe kwa neno hilo. Wewe umemuuzia muuza sukari, na hakuna aliyekushikia jiwe.

Nitakomboa. Naandika hapa ili usiwe na wasiwasi, na ili Mama alale. Ila fedha sitazipitisha kwako, na kibanja kitaandikwa jina langu. Usiniambie habari ya mwanamke. Wale mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote wakasema baba yetu hakuacha mwana, tupeni sisi, na Mungu akasema wana haki. Utasema tata aliacha mwana. Ndiyo, aliacha, naye ameuza.

Mama ataishi hapo mpaka mwisho wake, na wewe na mkeo mtakaa na mtalima. Sifukuzi mtu. Ila hakuna ua la kahawa litakalouzwa tena bila mkono wangu.

Niandikie pia jina la hospitali na jina la wodi. Nitakwenda kumshukuru daktari.

Kokwijuka


Kayanga, 2 Machi 2024

Kwa Bi Kokwijuka, Mama Vero,

Assalaam alaykum, au kwa desturi ya kwenu, habari za masiku. Baba yangu alitoka Pangani akaja Karagwe na mzigo wa chumvi, nami nimezaliwa hapa, kwa hiyo uniwie radhi kama salamu zangu zimechanganyika.

Barua yako nimeisoma mbele ya mke wangu Mwanahalima, naye ameipenda kuliko nilivyoipenda mimi. Hesabu yako ni sahihi, ila umesahau msimu wa ukame. Msimu ule magunia yalikuwa saba, hayakuwa kumi na mawili, na hasara niliibeba peke yangu wala sikumwendea mwinjilisti kumdai. Hata hivyo nitakueleza jambo. Dini yangu nayo inakataza kununua tunda kabla halijapevuka mtini. Nalijua hilo tangu madrasa, na soko la hapa limenifundisha kulisahau. Mwanahalima hasahau. Kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya Walawi, napunguza milioni moja. Lete sita.

Wala sikukitamani hicho kibanja. Mtu wa duka nitafanya nini na migomba, tena yenye makaburi ya watu katikati? Mwinjilisti ndiye alinijia mara tatu. Nilipomuuliza ana dhiki gani, akasema ni ahadi yake ya mabati ya kanisa kwa ajili ya jubilei, na kwamba jina lake limesomwa mara mbili mbele ya washarika likiwa halijalipwa. Mabati yenyewe aliyachukua dukani kwangu. Nikamwongezea misumari bure, kama sadaka. Mama yenu aliletwa na pikipiki, akaweka dole gumba, hakuuliza kitu.

Sharti langu ni moja. Fedha nitaipokea mbele ya Mzee Kashaija na wazee wa ukoo. Mimi naishi kwa hawa watu. Nikikuachia wewe peke yako, kesho wao watasema nimeuza mara mbili.

Wako katika wema,
Gharib


Murongo, 10 Machi 2024

Gosbert,

Mabati.

Nimekwenda mwenyewe, kwa hiyo usitafute la kusema. Jumamosi nilikodi pikipiki mpaka Nyabiyonza, wewe ulikuwa kwenye semina. Mama hajaona hospitali hata ya jirani. Nyonga yake anafungwa kwa majani na kitambaa. Nilipomuuliza habari ya daktari, akaniuliza kama nimekula. Na juu ya kilima kanisa linang'aa mpaka nikaziba macho.

Nikatoka hapo kwenda kwa Kashaija. Alinikaribisha vizuri, akaniita binti wa ukoo, akaagiza niletewe maji. Nikamweleza fedha ninayo, sheria ya nchi inaniruhusu, na Maandiko nimeyasoma. Akasikiliza yote. Kisha akanieleza pole pole kwamba fedha ya mwanamke aliyeolewa nje ni fedha ya huko nje. Nikikomboa mimi, kibanja kitakwenda kwa Vero, na Vero ni wa ukoo wa Jovitus. Nikamwambia yeye aliyetia sahihi kumuuzia mtu wa Kayanga ndiye analinda ukoo? Akasema, "Ile ilikuwa na miezi mitatu ya kurudi. Ya kwako haina."

Nimemjibu kwa adabu na nimetoka kwa adabu. Sita ninazo, ila nimeuza shehena nzima ya mchele kwa bei ya hasara, na nimefunga kile chumba cha pili cha duka. Nikikimbilia mahakamani, 15 Aprili itanikuta kwenye foleni. Kwa hiyo fedha itapita mkononi mwako mbele ya wazee, kwa sababu hawana macho ya kuuona mkono wangu. Lakini kwanza uniandikie, kwa mkono wako, kwamba unapokea kwa niaba yangu na kwamba kabla ya mwaka kuisha utakwenda nami serikali ya kijiji kubadilisha jina. Hata Yeremia, nabii wa Mungu, aliponunua shamba la binamu yake alipima fedha, akaweka mashahidi, akaandika hati mbili na kuzitia kwenye chungu. Mimi si zaidi ya Yeremia.

Kokwijuka


Nyabiyonza, 17 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Sina la kujitetea. Ila ujue jinsi ilivyokuwa. Kila mtu aliahidi siku ya uzinduzi, na mimi mwenyekiti nilitangulia nikaahidi mabati mia mbili ili wengine wafuate. Wakapiga vigelegele. Mke wangu akaniangalia, na nikaona sasa siwezi kushusha. Walipoanza kusoma majina ya wasiolipa, langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha kwa kuwa ndilo kubwa. Nawaombeaje watu wanaonisoma hivyo? Nilijua Mungu hatanyang'anya kibanja kilichojenga nyumba yake. Nilijua atatoa njia. Na tazama, njia ni wewe.

Naandika kama ulivyotaka: Mimi Gosbert nitapokea fedha ya dada yangu Kokwijuka na kuikabidhi kwa niaba yake, na kibanja ni chake. Kabla ya mwaka kuisha tutabadilisha jina. Nakubali mbele za Mungu.

Mdogo wako,
Gosbert


Murongo, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimerudi salama kutoka kwenye jubilei yenu. Niliketi kiti cha mbele, kama ulivyoagiza, na wale akina mama wa kwaya wakanivisha taji la karatasi.

Nimekuwa nikijaribu tangu juzi kuikasirikia ile ibada na sijaweza. Ulisimama madhabahuni ukawasimulia watu habari za Aprili: jinsi wazee walivyokaa uani, jinsi fedha ilivyowekwa mezani, jinsi mtu wa Kayanga alivyoihesabu na kuondoka. Ukasema ukoo ulikomboa. Halafu ukanionyesha mimi kwa mkono, ukasema huyu ni dada aliyetenda kama Maandiko, jamaa wa karibu asiyedai kitu. Watu wakasimama. Wakapiga makofi, na mimi, mjinga, nikainama kidogo kama bibi harusi.

Nilikaa chini ndipo nikasikia ulichosema.

Asiyedai kitu. Nani alikwambia sidai? Nimeuza mchele kwa hasara, nimelipa sita, nimepoteza chumba cha duka, na sasa kuna mpangaji Mnyarwanda anaitwa Uwamahoro anauza vitenge mahali nilipokuwa naweka magunia yangu, tena anauza kuliko mimi. Baada ya ibada Kashaija akaniita pembeni akanikabidhi mbuzi. Mbuzi mwingine, Gosbert. Nikamwacha kwenye mti wa uani kwenu. Kama hajaliwa, muuzeni mumnunulie Mama dawa.

Miezi minne imebaki mwaka uishe. Mtendaji wa kijiji anapokea watu Jumanne na Alhamisi. Niambie ni Jumanne ipi.

Dada yako


Nyabiyonza, 15 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Nimeomba sana kabla ya kukujibu. Wazee wameketi, nami nimeketi nao. Wamesema kitu kilichokombolewa hurudi kwa mwenyewe. Mkombozi halipwi kwa kitu chenyewe. Nami nikisoma ile sura naona hivyohivyo. Mwaka wa hamsini kila mtu alirudi kwenye milki yake bila kutoa senti. Usimtoze ndugu yako riba, wala usimpe chakula kwa faida. Wewe unataka ukomboe kisha umiliki. Hapo tofauti yako na Gharib ni nini?

Ile karatasi ya Machi niliandika nikiwa katika dhiki, na Mungu anaijua dhiki yangu.

Nakuomba usitupeleke kwenye baraza la ardhi. Usimwaibishe Mama akiwa mzee.

Gosbert


Nyabiyonza, 24 Novemba 2024

Mwanangu Kokwijuka,

Anayeandika ni Speciose. Ninasema, yeye anaandika. Nimemkataza kupamba.

Ulipoondoka barazani hukuniaga. Niliona mgongo wako mpaka ukapita kwenye mibuni. Nimengoja barua, haikuja, basi natanguliza mimi.

Waliponiuliza wale wajumbe kibanja ni cha nani, nilijua kwamba unanitazama. Ulikuwa umeshika ile karatasi ya Gosbert, na yule mama mjumbe alikuwa ameshaisoma, naye alikuwa upande wako. Wakasema basi tumsikie mzazi. Nami nikasema ni cha Gosbert. Nilisema kwa sauti ili wasiniulize mara ya pili.

Wewe ukishinda unapanda gari unarudi Murongo. Mimi nabaki hapa. Mke wa Gosbert ndiye ananiogesha, ndiye ananigeuza usiku nyonga ikikataa. Huwa ananigeuza vizuri. Juma lile la baraza alianza kunigeuza kwa haraka. Kashaija alikuja akakaa mlangoni, akaniambia mjane anayetoa ardhi ya ukoo kwa wajukuu wa ukoo mwingine hatalazwa karibu na mumewe. Hakupandisha sauti. Aliuliza hata habari za kifua changu.

Na lile la mabati, nililijua. Hakunidanganya. Alinijia jioni akapiga magoti akasema, "Mama, jina langu linasomwa." Mtu mzima, baba wa watoto, amepiga magoti kwenye majani ya jikoni. Nikapanda pikipiki nikaweka dole. Wewe hukuwahi kunipigia magoti. Tangu mdogo ukitaka kitu ulikuwa unakwenda kukitafuta, nami nilishukuru kwamba nina mtoto mmoja nisiyehitaji kumwangalia.

Hela za dawa nimepata. Za mbuzi pia nimepata.

Usivuke mto usiku.

Mama yako,
Avelina


Nyabiyonza, 2 Februari 2025

Dada mpendwa, shikamoo.

Najua hujaniandikia tangu baraza. Mimi nimekuwa nikikuombea kila asubuhi.

Sijui nianzie wapi. Jubilei iliacha madeni. Mahema, ng'ombe wawili, saruji ya mnara, jenereta. Watu waliahidi na hawakulipa, na vitu vyote nilivichukua kwa jina langu, nikiwa mwenyekiti. Wenye mali walikuja nyumbani. Mmoja alikuja na polisi. Kahawa ya mwaka huu nilishaiuza ikiwa maua tangu Oktoba.

Kibanja amekichukua mtu wa Bukoba, kwa milioni nane. Karatasi tuliandikishana tarehe 23 Januari. Si mtu mbaya, lakini si kama Gharib. Anataka kung'oa migomba yote apande miti ya mbao. Ametupa mpaka Juni. Nimemweleza mila ya miezi mitatu, akakubali, akaiandika kwenye karatasi: fedha ikirudi kabla ya Jumatano tarehe 23 Aprili kuisha, anaondoka. Mzee Kashaija anasema safari hii ukoo hautauliza jina la mtu. Yeyote alete.

Dada, nimepiga magoti ninapoandika. Mke wangu amekwenda kwao na watoto. Mama hajui tarehe.

Wewe ndiye jamaa wa karibu. Hakuna mwingine.

Gosbert


Murongo, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mama, shikamoo.

Hii ataisoma Speciose. Mpe kiti akae, maana ni ndefu kidogo. Barua ya Novemba niliipata nikashindwa kuijibu. Kila nilipoanza, niliandika namba tu.

Sijakasirika nawe. Ulisema pale barazani kitu cha kukuwezesha kulala, na mimi ningekuwa na nyonga hiyo labda ningesema hichohicho. Lakini nimesikia vizuri ulichosema, na nimekiamini.

Gosbert ameniandikia. Kibanja kimeuzwa tena, kwa mtu wa Bukoba, na migomba itang'olewa. Nadhani hajakueleza, kwa hiyo nakueleza mimi. Amenipa mpaka Jumatano hii nirudishe milioni nane.

Milioni nane ninazo, Mama. Sitaki uambiwe na mtu kwamba Kokwijuka alikosa. Mwaka huu maharage yalipanda bei upande wa pili, chumba cha duka nimekirudisha, na Vero ameongeza za kwake kutoka Bugomora anakoishi. Yeye ndiye aliyesema, "Mama, lipa tu, bibi apumzike." Ijumaa Kuu kabla ya ibada nilizitandika kitandani, nikazifunga kwenye kanga. Leo asubuhi nilisimama kituoni nikiwa nazo tumboni chini ya gauni, Noah inajaza. Kondakta akaniuliza kama napanda. Nikampisha abiria mwingine. Ikaja ya pili, nikampisha mwingine. Sikupanda.

Nitakwambia nilichokuwa nakifikiri pale, na Gosbert akitaka na asikie. Nikilipa kesho, keshokutwa kibanja ni chake. Oktoba mibuni itatoa maua, naye atayauza. Kutakuwa na mnara mwingine, au kengele, au jina lake litasomwa mahali. Nitalipa tena. Nitalipa mpaka siku nitakapokosa, na siku hiyo wataniita dada mbaya kana kwamba sikuwahi kulipa. Sura ile anayoihubiri ilimpa mkombozi kazi ya kukomboa, lakini ilikuwa na miaka yake, na ilimbana kila mtu, mwenye kununua na mwenye kuuza, mkubwa na mdogo. Huku kwetu imembana mtu mmoja tu. Waliobaki wamechukua makofi na mabati.

Sheria naijua pia. Wakili wa Kayanga aliniambia baraza si mwisho, nikate rufaa, na karatasi ya Gosbert ina nguvu. Lakini ningekata rufaa dhidi ya neno lako, wakuite tena ukiwa na nyonga hiyo, wakuulize mara ya pili.

Kaburi la tata sina jibu lake. Nimelifikiria kuliko vyote. Nimempigia yule mtu wa Bukoba nikamwomba aache nafasi kuzunguka makaburi. Akasema ataona. Nadhani hataona. Tata atakaa na miti.

Dereva nitamkabidhi barua hii mchana, na nimeshamwambia asikupe kabla ya Alhamisi. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Kwa hiyo sasa Speciose anaposoma, Jumatano imeshapita. Usimtume mtu kwangu. Hakuna cha kukimbilia tena.

Chumba kiko nyuma ya duka, hakina ngazi. Fundi amekata miguu ya kitanda ili usipande. Nimempata mama mmoja, Mukashema, mjane, atakuogesha na kukugeuza usiku. Namlipa kila mwezi, kwa hiyo hatakuwa na sababu ya kukugeuza kwa haraka. Gosbert akikosa pa kukaa, mwambie mpakani pana kazi ya kupakua mizigo, wanalipa jioni.

Speciose akimaliza, usimwambie arudie. Akufungie nguo zako na ile Biblia ya tata. Noah inapita hapo Ijumaa saa mbili asubuhi, na siti ya mbele nimeshailipia.

Mwanao,
Kokwijuka